Seneti ya Kongo: Tuifute, au Tuikabidhi kwa Raia? (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulieleza Seneti ni nini kwa mujibu wa Katiba ya tarehe 18 Februari 2006. Ni baraza la pili la Bunge, lenye viti 108 vya kuchaguliwa: vinne kwa kila jimbo na vinane kwa mji wa Kinshasa. Mbali na viti hivyo, wamo marais wa zamani waliochaguliwa, ambao Katiba inawafanya maseneta wa maisha. Raia hapigi kura ya kumchagua seneta hata mmoja. Maseneta huchaguliwa na wabunge wa majimbo.

Leo tunaingia kwenye swali lenyewe. Tarehe 23 Oktoba 2024, akiwa Kisangani, Rais Félix Tshisekedi alitangaza kwamba ataunda tume ya kutayarisha Katiba mpya, na tangu siku hiyo mjadala haujatulia. Wengi wanabishana juu ya mihula ya rais. Wachache wanauliza juu ya Seneti, ingawa kwa sisi wa Butembo, Beni na Lubero ndiyo taasisi ambayo kura zake zimegusa maisha yetu kwa karibu zaidi katika miaka hii.

Kura ya kila siku kumi na tano

Tangu tarehe 6 Mei 2021, Kivu Kaskazini na Ituri zimewekwa chini ya état de siège, yaani utawala wa kijeshi. Gavana wa kiraia aliondoka akaingia jenerali. Mameya na wasimamizi wa wilaya walibadilishwa kwa maafisa wa jeshi na polisi. Mahakama za kijeshi zilipewa kesi za jinai za raia, na shughuli za Bunge la Jimbo zikasimamishwa.

Kifungu cha 144 cha Katiba kinasema hali hiyo ni ya siku 30. Zikiisha, haiwezi kuendelea ila kwa ruhusa ya Bunge la Taifa na Seneti, tena kwa vipindi vya siku 15 tu. Waandishi wa Katiba waliweka muda mfupi makusudi: kila baada ya wiki mbili serikali ije mbele ya mabaraza yote mawili, ieleze imefanya nini, ijibu maswali, ndipo iombe tena.

Kilichotokea tunakijua. Kufikia katikati ya mwaka 2025 nyongeza hizo zilikaribia mia moja. Bunge lilipokuwa likizoni, serikali iliziongeza yenyewe kwa idhini iliyokwisha kupewa na mabaraza hayo hayo. Mwezi Agosti 2023 ikaitishwa meza ya mazungumzo mjini Kinshasa juu ya état de siège, na mwezi Oktoba rais akatangaza kuilegeza hatua kwa hatua. Lakini utawala wa kijeshi ulibaki, na mauaji yaliyoanza Beni mwezi Oktoba 2014 hayakukoma. Mkulima wa Oicha, Mbau au Eringeti alizika watu wake kabla ya état de siège, na ameendelea kuzika ndani yake.

Mtu akiniuliza Seneti inatuhusu nini, ninamwonyesha kura hiyo. Kila baada ya siku 15 Seneti ilikuwa na uwezo wa kusema hapana, au angalau kudai hesabu kabla ya kusema ndiyo.

Seneta anamjibu nani?

Jibu la kwa nini haikufanya hivyo limo katika namna seneta anavyopata kiti. Raia humchagua mbunge wa jimbo. Wabunge hao wanaongezewa machifu wa jadi wasiozidi sehemu moja ya kumi ya Bunge la Jimbo, ambao hawakupigiwa kura ya wote. Kisha watu hao, ambao ni makumi machache tu, hujifungia ukumbini na kuchagua maseneta wanne wa jimbo zima. Anayetaka useneta hana haja ya kupanda Vulamba wala kuzunguka Bulengera, hapa Butembo, kuomba kura. Kazi yake ni kuwashawishi watu wachache katika ukumbi mmoja, na wapigakura wakiwa wachache namna hiyo, fedha hupata njia.

Mwezi Machi 2019 jambo hilo lilionekana hadharani. Muungano wa FCC wa rais aliyetoka, Joseph Kabila, ulizoa sehemu kubwa mno ya viti vya Seneti, huku UDPS, chama cha rais mpya, ikiambulia vichache sana. Tuhuma za kununua kura zilijaa nchi nzima, wafuasi wa UDPS waliandamana kwa hasira Kinshasa na Mbuji-Mayi, na rais mwenyewe akasimamisha kwa muda kuingia kazini kwa maseneta. Baadaye zuio likaondolewa, maseneta wakaingia, na utaratibu uliozaa tuhuma hizo ukabaki vile vile.

Muda wa ofisi nao umechezewa. Katiba inasema seneta ana miaka mitano. Maseneta waliochaguliwa mwanzoni mwa mwaka 2007 walikaa mpaka 2019, miaka kumi na miwili, kwa sababu mabunge ya majimbo hayakufanyiwa uchaguzi mwingine mpaka Desemba 2018. Hakuna raia aliyewaongezea miaka hiyo saba. Na kwa Kivu Kaskazini tatizo lina ncha ya pili: Bunge la Jimbo likisimamishwa kwa amri ya kijeshi, kile chombo pekee chenye haki ya kutuchagulia maseneta kimefungwa. Kumbe kura ya kurefusha état de siège inalifunga pia baraza ambalo lingeweza kuwabadilisha maseneta wanaoipiga.

Hoja ya kuifuta

Wanaotaka Seneti ifutwe wana hoja nzito, na haifai kuzipuuza. Wanasema inakula fedha katika nchi isiyolipa walimu wake vizuri. Wanasema imekuwa kimbilio la wanasiasa walioshindwa kwingine. Wanasema pia neno la mwisho si lake: mabaraza mawili yakishindwa kukubaliana juu ya sheria, Bunge la Taifa ndilo linaloamua, na ni Bunge hilo peke yake linaloweza kuiangusha serikali. Kwa upande wetu wanaweza kuongeza hesabu moja. Katika Bunge la Taifa Kivu Kaskazini ina viti zaidi ya 40 kati ya 500, kwa kuwa viti vinafuata idadi ya wapigakura. Katika Seneti tuna vinne kati ya 108, sawa na jimbo lenye watu wachache kuliko sisi mara nyingi.

Mifano ya nje ipo. Senegal ilifuta Seneti yake mwaka 2012, na serikali ikasema fedha zake ziende kwa watu waliokumbwa na mafuriko. Wengi wa maseneta wale walikuwa wameteuliwa na rais mwenyewe, kwa hiyo raia hawakupoteza mlinzi. Mauritania nayo ilifuta yake kwa kura ya maoni mwaka 2017.

Lakini Kongo imekwisha kufuta Seneti mara moja, na tuangalie ilikuwaje. Sheria ya Msingi ya Mei 1960, iliyotungwa Ubelgiji kabla ya uhuru, ilitupa mabaraza mawili, na Joseph Ileo akawa rais wa kwanza wa Seneti. Mwezi Septemba 1960, Rais Kasa-Vubu alipomfukuza Waziri Mkuu Lumumba, Seneti ilisimama upande wa Lumumba, ingawa wengi walitarajia kinyume chake. Siku chache baadaye Kanali Mobutu akaziweka kando taasisi zote. Katiba yake ya Juni 1967, akiwa sasa rais, iliacha baraza moja tu, na tangu hapo kwa zaidi ya miaka 30 nchi haikuwa na Seneti. Raia hakupata nguvu zaidi kwa kufutwa kwake. Nguvu zote zilikwenda kwa mtu mmoja na chama kimoja.

Seneti ilirudi mwaka 2003 baada ya makubaliano ya amani ya Sun City, chini ya Pierre Marini Bodho. Wajumbe wake hawakuchaguliwa na yeyote: waligawanywa kati ya serikali, makundi yaliyobeba silaha, upinzani wa kisiasa na jumuiya za kiraia. Seneti hiyo ya kugawana ndiyo iliyoandaa rasimu ya Katiba tuliyo nayo, na katika rasimu hiyo raia akanyimwa kura ya moja kwa moja ya kumchagua seneta.

Kasindi na asilimia 40

Tuje sasa kwenye jambo ambalo Seneti iliundwa kulifanya na haikulifanya. Kifungu cha 175 kinasema majimbo yana haki ya asilimia 40 ya mapato ya taifa, nayo ikatwe palepale yanapokusanywa. Maana yake, fedha za forodha zikiingia katika kituo cha Kasindi, mpakani na Uganda, sehemu ya jimbo ibaki jimboni, isiende Kinshasa kwanza na kusubiri kurudishwa.

Yeyote aliyesimama Kasindi ameona mlolongo wa malori yanayoingiza saruji, vitambaa, mafuta na vyakula, mengi yakielekea Beni na Butembo. Wafanyabiashara wa Butembo wanalipa hapo. Lakini ukataji wa palepale haukutekelezwa kama Katiba inavyotaka. Kinshasa imeendelea kupokea kwanza na kurudisha kadiri inavyopenda, kwa ucheleweshaji, na mara nyingi chini ya haki. Barabara na hospitali zetu ni ushahidi wa kutosha.

Baraza lenye jina la kuwakilisha majimbo lilipaswa kuikataa bajeti moja baada ya nyingine mpaka kifungu hicho kiheshimiwe. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Seneta aliyepata kiti kwa mapatano ya viongozi wa vyama Kinshasa hana sababu ya kugombana na Kinshasa kwa ajili ya Kasindi.

Jirani yetu Kenya anaonyesha kwamba inawezekana. Seneti yake ilifutwa mwaka 1966, muda mfupi baada ya uhuru, ikarudi kwa Katiba ya 2010. Tangu uchaguzi wa Machi 2013, kila kaunti kati ya 47 humchagua seneta wake kwa kura ya moja kwa moja ya raia, wakiongezwa wajumbe maalumu wa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mwaka 2020 maseneta hao walikwama miezi kadhaa juu ya kanuni ya kugawa fedha kwa kaunti. Wengine walikaidi vyama vyao kwa sababu kanuni ile ingezipunguzia kaunti zao fedha. Hawakukubali mpaka serikali ilipoahidi kuongeza fungu. Seneti ya Kenya ina kasoro zake, lakini seneta wa kule anajua ni nani atakayemwondoa.

Tufanye nini

Msimamo wangu ni huu: Seneti isifutwe, lakini isibaki ilivyo.

Kwanza, maseneta wachaguliwe na raia moja kwa moja, siku ile ile ya uchaguzi wa wabunge. Anayetaka kutuwakilisha aje aombe kura Kimemi na Mususa mjini Butembo, Bungulu na Mulekera mjini Beni, aeleze atafanya nini juu ya asilimia 40 na juu ya usalama wa barabara ya Beni hadi Kasindi.

Pili, utawala wa kijeshi usirefushwe bila maseneta wa jimbo husika kutoa ripoti ya maandishi, wakiwa wamewasikiliza raia papo hapo jimboni, na kila kura itangazwe kwa jina la aliyeipiga.

Tatu, miaka mitano ikiisha, kiti kiwe wazi. Uchaguzi ukichelewa, mishahara isimame.

Nne, useneta wa maisha uondolewe. Tarehe 22 Mei 2025 Seneti ilimwondolea kinga Joseph Kabila, seneta wa maisha pekee nchini, kwa kura 88 dhidi ya 5. Haijalishi una maoni gani juu ya kesi yake. Kiti ambacho raia hakukitoa, na wala hana njia ya kukirudisha, hakifai katika jamhuri.

Kifungu cha 219 kinakataza Katiba kurekebishwa wakati wa état de siège. Kwa hiyo mwenye haraka ya kuigusa Katiba aanze kwa kuirudishia Kivu Kaskazini na Ituri utawala wa kiraia. Na kifungu cha 218 hakiwaachii wakubwa peke yao haki ya kupendekeza marekebisho: raia 100,000 wakitia saini, pendekezo lao lazima lipokelewe.

Watu wa Beni na Butembo wanajua kujipanga. Mwezi Desemba 2018, tume ya uchaguzi, CENI, ilipoahirisha uchaguzi wetu mpaka Machi 2019 kwa sababu ya Ebola na ukosefu wa usalama, kura za zaidi ya wapigakura milioni moja zilikosekana katika uchaguzi wa rais. Tarehe 30 Desemba, watu wa Beni walipanga foleni mitaani mwao, wakanawa mikono mmoja mmoja kabla ya kufikia sanduku, wakapiga kura walizojitengenezea, kisha wakazihesabu mbele ya wote. Kura zile hazikuingizwa katika matokeo yoyote, lakini zilithibitisha kwamba kisingizio cha kutunyima uchaguzi hakikuwa na msingi.

Saini 100,000 zinaweza kupatikana katika miji hii miwili bila kuvuka mto. Vyama vya wafanyabiashara, parokia, misikiti, vyuo vikuu na vikundi vya vijana waanze sasa kuandika pendekezo la kumchagua seneta kwa kura ya raia, ili siku Katiba itakapofunguliwa, neno letu liwe limekwisha kuwekwa mezani.

Katika sehemu ya tatu tutaeleza hatua kwa hatua jinsi ombi la raia linavyoandikwa chini ya kifungu cha 218.