Fangasi za Miguu: Tusioneane Haya

Safari hii naomba tuache siasa za nyumbani kidogo, tuzungumze miguu. Najua wapo watakaocheka. Nami nilikuwa nikicheka, hadi miguu iliponilaza kitandani wiki mbili huku majaribio yangu ya maabara yakiwa katikati.

Nilipofika hapa Uingereza nilinunua buti nzito, nikawa nazivaa asubuhi hadi usiku, Oktoba mpaka Machi. Nyumbani nilizoea ndara, mguu unapigwa na upepo. Haikupita miezi miwili, mwasho ukaanza kati ya kidole kidogo na jirani yake. Ngozi ikawa nyeupe, laini kama iliyoloweshwa, ikaanza kubanduka. Nikasoma maelezo, yanasema ngozi huwa nyekundu. Nikatazama, wekundu sioni, nikasema basi si fangasi. Hilo lilikuwa kosa la kwanza. Kwenye ngozi nyeusi wekundu mara nyingi hauonekani. Sisi tutazame weupe, magamba, mipasuko, au ngozi kugeuka kijivu ama kuwa nyeusi zaidi.

Kosa la pili: nilipaka krimu ya mwasho niliyotoka nayo nyumbani, yenye steroidi. Siku tatu tu, mwasho kwisha! Kumbe steroidi inatuliza mwasho na kupunguza kinga ya ngozi, fangasi zenyewe zinazidi kustawi. Zikatambaa hadi kwenye unyayo, ngozi ikapasuka, na bakteria wakapitia kwenye ule ufa. Asubuhi moja nikaamka mguu umevimba hadi karibu na goti, una joto, na homa juu. Daktari akanipa antibayotiki, akasema ningechelewa zaidi ningelazwa.

Mimi ni mhandisi, si daktari, lakini niliyojifunza ni haya. Fangasi hula ngozi iliyokufa, na zinapenda joto na unyevu. Buti zinatoa vyote. Kwa hiyo kazi ni mbili, kuua na kukausha.

Kuua: kwenye duka la dawa hapa utapata krimu bila cheti cha daktari. Terbinafini kwa kawaida hupakwa wiki moja. Klotrimazoli hupakwa mara 2 au 3 kwa siku, na huweza kufika wiki 4. Usiache eti kwa sababu mwasho umekwisha, wengi ndipo wanapokosea. Paka na ngozi nzima inayozunguka.

Kukausha: futa kati ya vidole kila ukioga, kwa taulo ya miguu peke yake. Wenzetu mnaotawadha, msivae soksi miguu ikiwa bado majimaji. Soksi zibadilishwe kila siku na zifuliwe kwa nyuzi 60. Kuwa na jozi mbili za viatu ili moja ikauke. Bafu la pamoja liingie na ndara. Na mpaka upone, vaa soksi kabla ya chupi, usije ukazipandisha fangasi hadi kwenye kinena.

Kucha ikigeuka njano na nene, krimu hizi haziifikii vizuri. Mara nyingi huhitajika vidonge vya miezi kadhaa, na daktari hupima ini. Halafu uwe na subira, kucha ya kidole gumba huchukua mwaka hadi mwaka na nusu kuota upya. Mwenye kisukari asijitibu kabisa, aende kwa daktari moja kwa moja.

La mwisho. Mwenzangu wa nyumba aliponiona nachechemea aliniuliza kulikoni. Nilipomweleza, akanyamaza, kisha akakiri kuwa naye anajikuna mwezi wa nne sasa. Bafu letu ni moja! Tulikuwa tunafichana huku pengine tunaambukizana. Siku hiyo tukanunua krimu mbili.

Basi jamani, leo jioni vueni soksi mjitazame. Kila la heri katika mitihani.