Mbele ya kuongeza aliminiamu, tuangalie sufuria

Wandugu wanamemba wa koperative,

Jiko la jua likichelewa kuivisha, wengi wetu tunakimbilia kuongeza kartoni na karatasi ya aliminiamu ili mwangaza uwe mwingi. Lakini mara nyingi mwangaza unatosha; shida iko ku sufuria. Ni yenyewe inapokea joto, na ni hapo joto linapotelea.

Chombo cha kupokea jua kiko na kazi mbili: kunywa mwangaza mwingi, na kuchunga joto lisitoke. Ku Ouarzazate, inchi ya Moroko, kuna mitambo mikubwa inayofanya umeme kwa njia hiyo. Vioo vilivyopindwa vinatupa jua ku bomba la chuma lenye rangi nyeusi ya pekee. Bomba hilo limevalishwa bomba lingine la kioo, na hewa ya katikati imetolewa, juu hewa ndiyo inabeba joto na kulipoteza. Sisi hatuna mashini ya kutoa hewa, lakini kanuni ni ile ile. Tufanye hivi:

1. Sufuria iwe nyeusi. Ile inayong'aa inarudisha mwangaza. Tupake rangi nyeusi inayovumilia moto, inje tu, kiisha ikauke kabisa. Kama rangi haiko, masizi ya kuni yanafaa, tusiyasugue.

2. Iwe nyepesi, na kifuniko kinachokaa vizuri. Chuma kizito kinakula joto mbele ya chakula, na mvuke ukitoka unaenda na joto.

3. Tuifunike na bakuli kubwa la kioo. Mwangaza unaingia, hewa ya moto inabaki ndani. Sashe ya soko hapana: inayeyuka.

4. Tuiweke juu ya mawe matatu madogo, mwangaza upite hata chini, na udongo usinyonye joto.

5. Tukinge upepo.

Munaweza kuhakikisha wenyewe. Mujaze maji sawasawa ndani ya sufuria mbili za namna moja, nyeusi na inayong'aa, kila moja ku jiko lake, kuanzia saa ine ya asubui. Saa sita, mupime.

Siku ya mawingu, makala yatabaki na kazi yake. Lakini kila maharagi yanayoiva na jua ni makala ambayo hatukununua, na miti ambayo haikukatwa. Tena maji ya kunywa yakifika digrii 65 na kukaa hapo dakika kadhaa, microbe zinakufa, hata kama hayajachemka.

Musisahau: tusiangalie mwangaza unaorudi ku aliminiamu, na watoto wakae mbali. Unaumiza macho.