Msee wa Nduthi, Hiyo Oili Chafu Ndio Inakula Cheni Yako

Cheki nduthi yoyote imepaki pale boda ya Busia ama Malaba mchana wa jua kali. Inama uangalie cheni. Ni nyeusi tii, imeshika vumbi hadi inakaa ugali wa wimbi. Muulize mwenyewe, atakuambia aliipaka oili jana tu. Shida ndio hiyo.

Oili chafu, ile fundi humwaga akifanya sevisi, iko kila mahali na haikugharimu kitu. Lakini tayari ina vipande vidogo vya chuma kutoka kwa injini, na ikikaa kwa cheni inanasa vumbi la murram. Vumbi lina mchanga. Mchanga na oili vikichanganyika, umejitengenezea dawa ya kunolea panga. Huo uji unaingia kwa pini na kuzisaga polepole. Ndio maana cheni "inarefuka". Chuma hakijavutika, buda, ni pini na vishimo vyake vimelika. Halafu meno ya sproketi yanachongoka kama ya papa.

Na cheni ikikatika, inaweza kujifunga kwa gurudumu la nyuma likashika ghafla. Sasa fikiria uko katikati ya foleni ya matrela Malaba, na umebeba mathe na mtoto.

Vumbi linapozidi, kuna njia ingine: kilainishi kikavu. Ile nyeusi ya penseli ni grafiti, kaboni iliyopangika kwa shuka nyembamba zinazoteleza moja juu ya ingine, kama karata mpya. Ingine ni molibdeni disulfidi, nayo pia hufanya kazi kwa shuka. Huko Marekani kuna wapiga shabaha hupaka risasi wanazojitengenezea unga wake, ili zipunguze msuguano ndani ya mtutu. (Wewe usijaribu kutengeneza risasi hapa, utaenda ndani mbio sana.) Kwa cheni, watu wengi hutumia nta. Inauzwa kwa kopo la kupuliza: maji yake yanakauka, nta inabaki. Ukigusa haikuchafui, na vumbi halipati pa kushika vizuri.

Lakini ukipuliza nta juu ya ule uchafu wa zamani umetupa doo. Osha kwanza na mafuta taa na brashi ya zamani, si petroli, hiyo inashika moto haraka. Panguza, acha ikauke. Zima injini, weka gia fri, zungusha gurudumu na mkono huku ukipuliza upande wa ndani wa cheni. Usiwahi panguza cheni injini ikiwaka. Kitambaa kikinaswa, vidole vinaenda nacho, na hiyo haitengenezwi na fundi yeyote. Kisha iache ikauke kabla utoke steji.

Mvua ikianza, mambo yanabadilika. Kilainishi kikavu hakikai sana kwa maji na matope, so rudi kwa oili ya gia, ile nzito ya namba 90, lakini safi. Paka kidogo, subiri iingie, halafu panguza yote ya nje. Ya kufanya kazi iko ndani ya pini. Hiyo ya nje ni ya kualika vumbi.

Wazee walioanzisha hii biashara hapa Busia wakivusha watu kwa baiskeli, "border" hadi "border", hadi jina likawa boda boda, walikuwa na cheni moja nyembamba na miguu yao. Ikikatika, unashuka unasukuma. Yako inasukumwa na injini.

Kabla ununue kopo lolote, pima hivi. Shika cheni pale nyuma kabisa ya sproketi kubwa, uivute kuelekea nyuma. Ikiachana na sproketi hadi uone nusu ya jino, hakuna dawa hapo. Badilisha seti yote, cheni na sproketi mbili, kwa sababu meno yaliyochongoka yatamaliza cheni mpya haraka sana.