MAJI YA MVUA HUZUILIWA NJE, SI MLANGONI

Masika yaingiapo mwezi wa Machi wengi wetu hushangilia kwa sababu ya mahindi na maharagwe. Lakini ziko nyumba ambamo usiku wa mvua hakuna alalaye. Mama anapandisha magunia ya nafaka juu ya meza, watoto wanachota maji kwa sufuria, naye baba anashindilia matambara chini ya mlango. Mvua ya kesho ikija, kazi ni ile ile. Kosa liko wapi? Wanapigana na maji yakiwa yameshafika.

Hebu tupige hesabu kidogo. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba huleta lita 1 ya maji. Chukua paa la mita 8 kwa 6, yaani mita 48 za mraba. Mvua ya milimita 25, ambayo yaweza kunyesha alasiri moja tu, itateremsha lita 1,200 kutoka kwenye paa hilo. Madebe 60 hayo, si mchezo! Kama paa halina mlizamu, au gata kama wasemavyo mafundi, yote humwagika pale pale penye msingi. Ukuta wa udongo huanza kulika kutoka chini kama jino bovu. Ukianguka usiku watu wamelala, ni msiba.

Basi hatua ya kwanza ni gata. Maji yaingie kwenye tangi au pipa, na ya ziada yapelekwe mbali kwa bomba. Kabla ya masika na vuli, toa majani yaliyoziba humo, na mtu akushikie ngazi.

Hatua ya pili ni mteremko. Ardhi inayozunguka nyumba yafaa iinamie nje, kama sentimita 5 kwa kila mita, kwa mita 3 za kwanza. Hakuna haja ya kifaa: mwaga ndoo ya maji karibu na ukuta uone yanakokwenda. Yakituama hapo, chukua jembe. Na ikiwa nyumba imejengwa kwenye mteremko, chimba mtaro upande wa juu uyapokee maji kabla hayajakufikia. Ila usiuelekeze kwa jirani! Mtaro wa namna hiyo humaliziwa kwa chifu.

Tatu, kuna maji yapandayo. Utaona sakafu ni kavu lakini ukuta umelowa. Kumbe maji hupanda ndani ya matofali kama mafuta ya taa katika utambi! Ndiyo maana fundi mwerevu hutandika nailoni nzito juu ya msingi kabla ya kuinua ukuta, tena huiweka angalau sentimita 15 juu ya ardhi. Ukirundika udongo wa maua ukutani hata ukaipita nailoni hiyo, umeyajengea maji daraja. Wengine hupaka rangi upya kwa ndani. Baada ya muda inabambuka, kwa kuwa maji bado yako nje.

Hata hivyo, tusidanganyane. Wakati wa El Nino ya 1997 na 1998, na tena Aprili 2024, mito ilivunja kingo zake hapa nchini na watu wengi wakapoteza maisha. Aliyejenga bondeni kando ya mto hatakombolewa na mtaro. Dawa yake ni kuhama mapema, kabla mto haujamhamisha.

Wahenga walinena, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mvua ijayo, kama hakuna radi, jifunike gunia uzunguke nyumba ya wazazi wako kwa dakika kumi. Maji yenyewe yatakuonyesha mahali pa kuchimba.