Kipupwe cha Mwisho Dunguni

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwa barabara ya kusini hupita Mkuranga, akapita Jaribu na Bungu, akafika Kibiti mjini na kuendelea hadi Daraja la Mkapa, asiione kamwe Delta ya Rufiji. Ataona mikorosho na mafungu ya mihogo kando ya njia, basi. Atakaye kuiona delta hana budi kuiacha lami pale Bungu, ashike njia ya Nyamisati, na hapo aingie chomboni. Ndipo mto mmoja aujuao kwa jina humgawanyikia mikono mingi, kila mmoja na mikoko yake, na katikati ya mikoko na maji akaona vibanda vimesimama juu ya miti mirefu kama vinavyoogopa kulowa miguu. Hivyo ndivyo madungu.

Katika madungu hayo, tangu miezi ya masika hadi kipupwe, huishi watu ambao hesabu zetu za maendeleo huwataja kwa mbali sana: akina mama, mabibi na mabinti wanaoamia mpunga. Makala haya yanamhusu mmoja katika hao, naye ni binti aliyemaliza kidato cha nne na anayengoja kuitwa chuoni. Sitamtaja kwa jina, kwa kuwa si mmoja. Yuko Salale, yuko Mbuchi, yuko Maparoni na Kiongoroni, na kila mwaka huja mwingine badala yake.

Yafaa kwanza tuitazame kalenda, kwani ndani yake mna jambo ambalo mtu wa mjini hawezi kulitambua upesi. Mtihani wa kidato cha nne hufanywa mwezi wa Novemba. Matokeo hutangazwa kwenye Januari. Majina ya waliochaguliwa kwenda kidato cha tano na vyuo vya kati hutoka mwishoni mwa Mei au katika Juni, na wito wa kuripoti hufuata baada ya majuma machache. Sasa tazama mpunga wa delta. Shamba hufyekwa na kitalu kikatiwa mbegu mvua zianzapo, kwenye Desemba na Januari. Miche huhamishwa maji ya mto yanapozidi nguvu na kuyasukuma nyuma maji ya chumvi. Ndege huamiwa Aprili na Mei. Na mavuno huwa Juni na Julai. Basi tangu binti anapoweka kalamu chini hadi anapofunga sanduku, zao moja zima la mpunga huzaliwa, hukua na kukatwa. Hakuna hata juma moja katika miezi hiyo ambalo shamba halimtaki.

Wala kazi yenyewe si mchezo. Kaa wa mikokoni hukata miche michanga usiku mmoja ikawa kama haikupandwa. Nguruwe mwitu huja gizani, tumbili huja mchana, na kiboko akipita mara moja hahitaji kurudi. Kisha huja ndege, nao ndio wenye kumkalisha mtu dunguni tangu alfajiri hadi jua linapozama, kombeo mkononi na sauti imekauka. Mwenye kusema kuwa binti huyu "yuko nyumbani tu, anasubiri matokeo" hajapata kushinda dunguni siku moja.

Kusubiri kwa msichana si jambo geni katika mwambao wetu. Bibi zake walisubiri pia, lakini walisubiri ndani. Msichana aliyevunja ungo aliwekwa ndani akaitwa mwali, akafundwa, na siku alipotolewa nje na kushangiliwa, mume mara nyingi alikwisha patikana. Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa Mbunge wa Rufiji hadi aliposhindwa katika uchaguzi wa mwaka 1965, hakupita darasa la nne, na aliolewa angali msichana. Hayo hayakumzuia kuwakusanya wanawake wa nchi hii nyuma ya TANU, lakini ni wangapi waliofungiwa ndani vivyo hivyo ambao sauti zao hatukupata kuzisikia? Mwali wa leo hukaa juu ya dungu, mahali pa wazi, apigwapo na upepo wa kusi. Hata hivyo swali linalomzunguka ni lile lile: akitoka hapo atatokea mlango upi?

Maana posa huja. Sheria ya Elimu kama ilivyorekebishwa mwaka 2016 humtisha kwa kifungo cha miaka 30 mtu amwoaye au ampaye mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari. Ngao hiyo ni njema. Lakini Novemba ikiisha, binti wetu si mwanafunzi tena, wala hajawa mwanachuo. Ni binti wa fulani tu, aliyekua, mwenye afya na mkono mwepesi wa kazi. Mwaka ule ule wa 2016 Mahakama Kuu ilitamka kuwa vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vinavyoruhusu msichana aolewe kabla ya miaka 18 vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaushikilia uamuzi huo mwaka 2019. Hayo husomwa Dar es Salaam na Dodoma. Huku dunguni, ulinzi wa binti katika miezi hiyo ni neno la mzazi wake peke yake. Mzazi akikataa posa yenye fedha taslimu, akangojea orodha ambayo huenda jina la mwanawe limo na huenda halimo, amefanya jambo kubwa kuliko lionekanavyo.

Nalo jambo hilo lina gharama. Elimu bila ada ilianza kwa shule za msingi hadi kidato cha nne mwaka 2016, na mwaka 2022 ikafikishwa kidato cha tano na cha sita. Ajaliwaye kwenda kidato cha tano amepunguziwa mzigo. Bali aendaye chuo cha kati, kusomea uuguzi, ualimu au kilimo, hukuta ada mlangoni. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo imewafikia pia wanafunzi wa stashahada, kwa fani zilizopewa kipaumbele. Aliye nje ya fani hizo hana budi kulitazama gunia. Ada ni mpunga. Godoro ni mpunga, ndoo ni mpunga, nauli ya boti na ya basi ni mpunga. Binti huamia ndege akijua kwamba kila suke analoliokoa ni sehemu ya safari yake, na kwamba akienda, mkono mmoja umepungua katika shamba litakalomlipia mwaka wa pili.

Na mpunga wenyewe hauna ahadi. Wazee wa Rufiji hawakuyachukia mafuriko. Mto ukifurika kwa kiasi huleta rutuba, na maji yakishuka watu hupanda mlau katika tope lililobaki. Lakini kuna kufurika kwa kulisha na kufurika kwa kumeza. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968 Serikali iliwahamisha watu wa bondeni kuwaweka katika vijiji vya ujamaa kwenye miinuko, nao wakaitika. Walijenga juu, ila waliendelea kushuka kulima chini, kwa kuwa chini ndiko kwenye chakula. Aprili 2024 mto ulimeza tena mashamba ya Rufiji na Kibiti, na mpunga ukazama kabla ya kuiva. Mabinti waliokuwa wakingoja wito wa Juni mwaka ule walingoja bila ya gunia. Sasa juu ya mto limesimama Bwawa la Julius Nyerere, ambalo maji yalianza kujazwa Desemba 2022, na mkulima wa delta anajifunza upya kuusoma mto alioujua tangu utoto. Umeme ni neema kwa taifa zima. Ni haki basi taifa hilo limwambie mapema mkulima maji yatakuja lini na kwa kiasi gani.

Wala tusisahau kwamba binti amalizaye shule siku hizi alikuwa mtoto mdogo wa shule ya msingi mwaka 2017, wakati viongozi wa vijiji na askari wakiuawa katika Kibiti na Rufiji na bodaboda zikakatazwa kutembea usiku. Alijifunza kusoma katika nyumba zilizofunga milango jua lingali juu. Amefika alipofika.

Nina ombi moja kwa wahusika, nalo si la fedha. Fomu ya kujiunga na chuo, yenye ada na orodha ya vifaa, humfikia mzazi majuma machache kabla ya siku ya kuripoti, mpunga ukiwa bado shambani au ndiyo kwanza unapurwa. Mzazi huuza kwa haraka, na mwenye kuuza kwa haraka hupangiwa bei na mnunuzi. Orodha hizo hazibadiliki sana mwaka hata mwaka. Kwa nini zisibandikwe kwenye ofisi za vijiji tangu Februari, matokeo yakiisha kutoka, ili mtu ajue anaamia ndege kwa ajili ya kiasi gani? Karatasi ya namna hiyo, ikiwa Nyamisati na Mbuchi, ingeokoa magunia mengi.

Wito ukifika, huwa hakuna muda wa sherehe. Chombo hufuata maji, hakimfuati abiria. Maji yakijaa alfajiri, safari ni alfajiri. Binti hushuka ngazi ya dungu na sanduku kichwani.

"Shikamoo, bibi. Naondoka."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nenda salama. Ukifika utwambie."

Bibi hamsindikizi bandarini. Jaruba mbili hazijakatwa bado, na ndege wamekwisha amka.