Mwanajeshi Akiagwa Bungeni

Katika kumbukumbu rasmi za Bunge la Marekani, ambazo kwa kazi yake ni sawa na Hansadi kwetu, huchapishwa hotuba fupi ambazo wasomaji wengi huziruka. Seneta au mjumbe wa Baraza la Wawakilishi anamshukuru afisa wa jeshi anayestaafu kwa sababu aliwahi kutumika katika ofisi yake. Hotuba hizo hufanana mno: alikosoma, vituo alivyopangiwa, medali, mwisho mwenzi na watoto. Mwanajeshi amefikaje ofisini kwa mbunge, na anashukuriwa kwa lipi hasa?

Tuanze na Katiba. Ibara ya Kwanza inalipa Bunge mamlaka ya kuunda jeshi na kuligharimia, na inakataza fedha za jeshi la nchi kavu kuidhinishwa kwa zaidi ya miaka 2 kwa mkupuo. Ibara ya Pili inamfanya Rais kuwa Amiri Jeshi Mkuu. Jeshi basi lina anayeliamuru na anayelilisha, nao hawalali nyumba moja. Ibara hiyo ya Kwanza inakataza pia mwenye wadhifa serikalini kuwa mbunge wakati huohuo. Afisa hapigi kura Bungeni. Anaweza tu kumsaidia anayepiga.

Msaada huo una sura mbili. Yupo afisa uhusiano, anayebaki chini ya jeshi lake na kujibu maswali ya wabunge kwa niaba yake. Yupo pia afisa wa kuazimwa, anayekaa kwa takriban mwaka mmoja katika ofisi ya mbunge mmoja, mshahara wake ukiendelea kulipwa na jeshi. Huyu wa pili ndiye anayeagwa kwa hotuba kama mtu wa nyumbani.

Kazi yake ni ya makaratasi. Kila mwaka Bunge hupitisha sheria ya kuidhinisha shughuli za ulinzi, yenye mamia ya kurasa. Vijana wengi wa ofisini hawajawahi kuvaa sare. Afisa anajua ndege ikikosa vipuri kikosi kinakwama wapi. Zipo pia barua za jimboni: askari aliyecheleweshewa malipo, mjane anayefuatilia mafao. Jambo ambalo familia imelihangaikia kwa miezi, afisa anaweza kujua ni meza gani limelala.

Ugumu uko kwenye utii. Kuanzia 1977 hadi alipostaafu jeshi mwaka 1981, John McCain, aliyekuja kuwa seneta, alikuwa afisa uhusiano wa Jeshi la Wanamaji katika Seneti. Miaka hiyo Rais Carter hakutaka meli mpya kubwa ya kubeba ndege inayotumia nyuklia, na mwaka 1978 alikataa kutia saini muswada wa ulinzi kwa sababu hiyo. McCain husimuliwa kuwa mmoja wa waliosaidia kichinichini fedha za meli zipatikane. Meli ilijengwa, ikaitwa Theodore Roosevelt. Alilitumikia jeshi lake, sawa. Kama alimtumikia pia Amiri Jeshi Mkuu wake ni swali gumu zaidi.

Utii huo una upande mwingine. Upandishaji vyeo wa maafisa kuanzia meja huhitaji ridhaa ya Seneti. Mwaka 2023 Seneta Tommy Tuberville alizuia kwa miezi vyeo vya maafisa zaidi ya 400, akipinga sera ya utoaji mimba ya Wizara ya Ulinzi. Afisa aliye katika ofisi ya seneta anajua kwamba anaowaandalia hoja ndio wanaoshika ufunguo wa cheo chake kijacho.

Sasa turudi kwenye hotuba. Katika Baraza la Wawakilishi si lazima isomwe mbele ya watu: maandishi yakikabidhiwa, huchapishwa katika sehemu ya nyuma ya kumbukumbu hizo, zinazotolewa tangu 1873. Mara nyingi huambatana na bendera iliyopeperushwa juu ya jengo la Bunge, ingawa raia yeyote anaweza kuinunua bendera ya namna hiyo kupitia ofisi ya mbunge wake. Gharama ni ndogo, na mbunge naye hapotezi kitu kwa kuonekana rafiki wa jeshi.

Hata hivyo sioni kuwa ni upuuzi. Huduma bora ya afisa huyu ni siku alipomwambia mbunge kwamba mradi anaoutetea kwa ajili ya kiwanda cha jimboni kwake hautasaidia vitani. Maneno hayo yalisemwa mlango ukiwa umefungwa, na mbunge hawezi kuyachapisha bila kujiumbua. Ndiyo maana hotuba inakimbilia medali, ambazo hazimuumbui mtu. Lakini yako mambo yasiyo ya siri: kipengele cha sheria alichokiandikia rasimu, aina ya malalamiko ya askari aliyoyashughulikia. Mbunge anayeyataja anamwachia mstaafu ushahidi ambao mtafiti atautumia baada ya miaka 50. Anayeorodhesha vituo na nishani tu amenakili faili la utumishi, na faili hilo jeshi lilikuwa nalo tayari.