Kuchungwa na Kubanwa

Mwaka 2008 vijana wa China walianzisha kundi katika mtandao wa Douban, wakaliita, kwa tafsiri ya karibu, "Wazazi Wote ni Balaa". Walijiunga kwa maelfu, watu wazima, kusimulia maneno waliyoambiwa nyumbani wakiwa wadogo. Maumivu yao ni ya kweli. Lakini yametoka wapi hasa?

Jibu la haraka ni ukali. Diana Baumrind, mwanasaikolojia wa Marekani, aliyagawa malezi kwa mafungu katika miaka ya 1960, na kwa mizani yake mzazi wa Kichina huangukia fungu la wazazi wa amri. Mwaka 1994 mtafiti Ruth Chao aliipinga mizani hiyo. Alieleza kwamba Kichina kina neno guan, linalobeba kutawala na kujali kwa pamoja. Msemaji wa Kiswahili hapati shida hapo: anayechunga ng'ombe huwaongoza na huwalinda, na mtoto naye tunasema anachungwa. Wachina wakisema mtoto fulani mei ren guan, "hana wa kumchunga", wanamwonea huruma.

Basi kama si kuchungwa, kinachoumiza ni nini? Utafiti wa Wang, Pomerantz na Chen wa mwaka 2007, uliofanywa kwa wanafunzi wa China na Marekani, ulitenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuna mzazi anayeuliza unakwenda wapi, na nani, utarudi saa ngapi. Na kuna anayenuna siku nzima kwa sababu ya alama za mtihani, au anayesema, "Nimejinyima yote kwa ajili yako, haya ndiyo malipo?" Huyu wa pili haongozi mwenendo, anaushika moyo. Watoto waliobanwa hivyo walizorota kihisia katika nchi zote mbili.

Mtafiti Su Yeong Kim na wenzake walifuatilia familia 444 za Wamarekani wenye asili ya China kwa miaka minane. Wazazi wengi walikuwa wa msaada na upendo, si wale "mama chui-milia", wazazi wakali wa kudai alama za juu, waliovuma kwa kitabu cha Amy Chua cha mwaka 2011. Watoto wa chui-milia walikuwa na dalili nyingi zaidi za sonona, na hata alama zao za shule zilikuwa chini kuliko za wenzao waliolelewa kwa upole.

Naona sababu yake iko wazi. Aliyenuniwa kwa alama 92 hujifunza kwamba pendo hulipiwa. Akifika miaka thelathini, bosi akimrudishia ripoti airekebishe, yeye huanza kuomba radhi.